Moshi wa Alhamisi, Mgonjwa wa Ijumaa

Wanangu, kalamu iwekeni chini kidogo. Najua mnavyofanya huko wodini, maana hata baada ya kustaafu bado naitwa chuoni kuja kuzungumza na wanafunzi, na macho yangu bado yanaona. Mgonjwa wa pumu anaingia akihema, na kabla hajapata hata mto wa kuegemea, mmoja wenu keshamaliza kuandika utambuzi wa kiuguzi wote: njia ya hewa imezibwa na makohozi, upumuaji haufai, ana wasiwasi, na mwisho kabisa, kwa mwandiko wa mtu anayekimbilia chai, "upungufu wa maarifa kuhusu ugonjwa wake." Siku hizi hata kuandika ni taabu. Mnapigiana picha kwa simu mpango wa huduma wa mgonjwa wa jana, mnabadilisha jina, kazi imekwisha. Nimewahi kuukuta mpango wa mvulana wa skuli unaosema asaidiwe kunyonyesha akiwa ameketi wima. Alipousoma mwenyewe alicheka mpaka kikohozi kikampanda.

Mimi ni Maimuna. Wagonjwa walikuwa wakiniita Sista Mai, na wengine hadi leo wakiniona sokoni hujishika kifua kwa utani. Maisha yangu yote ya kazi nimeuguza hapa Unguja, na sehemu kubwa nimeimaliza katika wodi ya wanawake, nikisikiliza vifua. Mambo mengi sikuyajua na sitayajua tena. Vifua navijua.

Aliyenifundisha alikuwa metroni wetu, Bi Thureya, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumwita mtoto uchochoroni kutoka ghorofa ya tatu. Wakati huo hatukuwa na vifaa kama mlivyonavyo nyinyi, na Bi Thureya alikuwa na kipimo chake. "Mwulize jina," alikuwa akitwambia. "Aseme lake, la baba yake na la babu yake. Akifika kwa babu bila kukata pumzi, una nafasi ya kutengeneza kitanda. Akikwama kwa baba, ita mwenzio. Akishindwa kusema lake mwenyewe, usiulize tena, piga mbio." Sasa mna kile kidude cha kubana kidole, na nakipenda, lakini betri ikiisha mwulizeni jina.

Yeye pia ndiye aliyenizoesha kumwambia mgonjwa, "Hebu nioneshe." Kulikuwa na mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika shamba la karafuu la Kizimbani. Tulimpa pampu ya kuvuta, akaenda zake, akarudi amebanwa vile vile na pampu imekwisha. Kila mtu akasema mzee huyu mkaidi. Bi Thureya akampa pampu mpya akamwambia, "Hebu nioneshe, baba, unavyoitumia nyumbani." Mzee akasimama, akaitikisa vizuri, akainyanyua juu ya kichwa na kupulizia hewani kwenye pembe zote za chumba. Kisha akaketi kungoja nafuu. Masikini, alikuwa amefanya alichooneshwa, maana aliyemfundisha alipuliza hewani ili amwoneshe dawa inavyotoka, akasahau kumwambia kwamba inakwenda mdomoni. Chumba chake kule Kizimbani, nadhani, hakikupata kuwa na pumu.

Basi mwambieni mgonjwa awaoneshe. Kama hana kile chombo cha kuwekea pampu, chukueni chupa tupu ya maji, toboeni kitako chake kwa waya wa moto, tundu liwe sawa na mdomo wa pampu, apulize humo ndani na avute taratibu kwa kinywa cha chupa. Mketisheni, jamaa zake wasimlaze. Jamaa wanapenda sana kumlaza mtu. Watamlaza chali, watamzunguka wote, mmoja anampepea, mwingine anamsomea, wa tatu anamnywesha tangawizi ya moto, na hewa yote ya chumba inavutwa na wao. Wapeni kazi. Huyu akalete mto, huyu afungue dirisha, na yule mwenye kilio kikubwa mtumeni mbali kabisa.

Na Ramadhani ikikaribia msingoje mwezi uandame. Zungumzeni na mgonjwa mapema, aende kwa daktari wake na kwa sheikh anayemwamini, dawa za kila siku zipangwe kwa futari na daku, na ajue kwamba akibanwa mchana uhai wake unatangulia kabla ya saumu. Mimi nimepokea watu waliokaa na pampu mfukoni tangu alfajiri mpaka alasiri, wakiiogopa kuliko wanavyoyaogopa mauti.

Lakini leo nilitaka kuwaambia habari za Mwanaidi, ambaye ndiye aliyenifanya nilichukie lile neno "upungufu wa maarifa."

Mwanaidi alikuwa msichana wa Tumbatu aliyeolewa Mji Mkongwe. Mumewe alikuwa akifanya kazi melini, leo yuko, kesho hayupo, kwa hiyo mtu aliyekaa naye hasa alikuwa mavyaa wake, mama wa huyo mume, Bi Salma. Pumu alikuwa nayo tangu utotoni, na ilimtulia muda mrefu. Baada ya kuolewa ikamrudi kwa nguvu. Tukimpokea, tunamtibu, anapona, anakwenda nyumbani, anarudi. Na alikuwa na mtindo wake: alikuja Ijumaa. Asubuhi ya Ijumaa, au mchana watu wanapotoka msikitini, utaona kiti cha magurudumu kinasukumwa, Mwanaidi juu yake, Bi Salma nyuma na mkoba wa nguo na chupa ya chai. Wodini tukamwita mgonjwa wa Ijumaa. Tulikuwa tukicheka, wala hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Kila alipoingia tulimwandikia upungufu wa maarifa, na kila alipotoka tulimfundisha. Alikuwa mwanafunzi mwema. Pampu ya buluu ya kuokoa, pampu ya kuzuia ya kila siku hata ukiwa mzima, kusukutua baada ya kuvuta, yote aliyajua na kunionesha bila kosa. Nikimwuliza vichochezi, anavitaja: vumbi, mafua, moshi, manyoya ya paka. Wakati mwingine alivitaja kabla sijauliza, ili tumalize.

Ijumaa moja akaletwa hali mbaya kuliko zote. Kifua kilikuwa kinapiga miluzi unaisikia toka mlangoni. Tukampa mvuke wa dawa, na baada ya muda miluzi ikapungua, kisha ikanyamaza. Mwenzangu wa zamu akashusha mabega akasema, "Alhamdulillahi, kimetulia." Nikaenda kumtazama. Mwanaidi alikuwa anasinzia, na midomo yake haikuwa na rangi nzuri. Nikaweka kipimo cha kusikilizia kifuani, kulia, kushoto, mgongoni. Sikusikia kitu. Wanangu, kifua cha pumu kikinyamaza na mgonjwa hajaanza kuzungumza na kuomba maji, hakijatulia. Hewa haipiti kabisa, hata ya kupigia mluzi haipo. Nilipaza sauti ambayo Bi Thureya angejivunia. Daktari akaja mbio, tukamwongezea oksijeni, dawa za mshipa, mvuke juu ya mvuke, na mimi nimemshika mabega asilale chini. Miluzi ilipoanza tena kusikika niliipenda. Mpaka leo, nikisikia mtu anapiga mluzi njiani, moyo wangu hufurahi kwanza kabla sijamtazama ni nani.

Kesho yake nilikwenda nikakaa kitandani kwake, mabega yetu sawa, bila kalamu wala faili. Sikumwuliza vichochezi. Nilimwambia, "Mwanangu, nisimulie Alhamisi yako. Tangu unaamka mpaka unalala."

Akaegemea mto. Kisha akaanza. Anaamka, anasali, anapika chai, anafagia. Mchana anapumzika. Alasiri Bi Salma anawasha makaa. Hapo akasita.

"Makaa ya nini?" nikamwuliza.

"Ya udi, sista."

Bi Salma, kumbe, alikuwa mpika udi. Si mchomaji tu kama sisi wengine. Alikuwa akiupika mwenyewe, kwa sukari na miski na mafuta mazuri, na maharusi wa mjini walikuwa wakija kwake. Na kila Alhamisi magharibi, usiku wa Ijumaa ukiingia, chetezo chake cha makaa kilizunguka nyumba nzima: ngazini, sebuleni, vyumbani, chini ya vitanda, kisha nguo, kisha watu. Tangu amekuwa mkwe wa nyumba ile, Mwanaidi alikuwa akikaa karibu na chetezo, ameinamisha kichwa, anatabasamu, anahesabu pumzi zake.

"Na unajua kwamba ndicho kinachokubana?"

"Najua. Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Basi kwa nini husemi, mwanangu?"

Akavuta shuka mpaka kidevuni. "Nikisema sitaki udi watasema nini, sista? Mtu anayekimbia udi anaitwaje? Watasema nna shetani. Na mie natoka Tumbatu, unajua watu wa mjini wanavyotusema. Shangazi yangu aliolewa huku huku, akawa anakohoa kwa ubani, wakampeleka kwa waganga, ngoma na mbuzi, mwisho akarudishwa kwao na sanduku lake. Mie nampenda mume wangu. Na yule mama nampenda pia."

Nilijiona mpumbavu. Msichana aliyekuwa karibu kufa mikononi mwangu jana yake hakupungukiwa na maarifa hata kidogo. Alijua kuliko sisi wote, na alikuwa amechagua kubanwa kifua kuliko kupoteza nyumba yake. Tungeweza kumfundisha mpaka tupasuke, asingebadilika, kwa sababu tulikuwa tunamtibu ujinga asiokuwa nao. Siku ile nikaufuta mstari ule na kuandika: hofu ya kutengwa na familia, inayomzuia kujikinga na kichochezi anachokijua. Daktari alisoma, akanitazama, akaitikia kwa kichwa.

Ila alikuwa amenifunga. "Usimwambie mama," alisema, "wala mume wangu. Uniapie." Siri ya mgonjwa, wanangu, si mali yenu. Nilimwahidi. Nikamwomba kitu kimoja tu, aniruhusu nije nyumbani kama muuguzi anayefuatilia mgonjwa wake. Akafikiri, akasema njoo, lakini kwangu hukusikia neno.

Basi nikaenda. Ngazi zile za nyumba za zamani, mnazijua, juu zaidi na giza zaidi, na harufu ya udi inakupokea mlangoni kabla ya mwenyeji. Nikabisha hodi.

"Karibu, karibu, sista wa watu!"

"Shikamoo, Bi Salma."

"Marahaba, mwanangu. Pita, pita. Leo umekuja kwenu."

Aliniketisha, akaniletea chai na visheti, akanitembeza nyumba. Alikuwa na huzuni ya kweli na yule msichana. Pumu aliijua, na aliamini kwamba ni baridi, kwa hiyo alikuwa amefanya aliloliweza. Maji ya friji marufuku. Feni imefungwa. Madirishani, kila tundu na kila upenyo wa mbao alikuwa ameuziba kwa vipande vya kanga alivyovisokota kwa vidole vyake mwenyewe, upepo usimpige mtoto. Na kila Mwanaidi alipotoka hospitali, Bi Salma aliongeza udi chumbani kwake, juu ya kitanda na chini ya mto, ili mabaya yaondoke. Akiugua zaidi, anafukizwa zaidi. Akifukizwa zaidi, anaugua zaidi. Nilisimama pale nikaona mpango mzima wa huduma wa Bi Salma, hatua kwa hatua, umepangwa kwa mapenzi kuliko wetu, nao unamuua mtoto wa watu.

Nikajaribu kuzunguka. Nikamwambia, "Bi Salma, hewa nzuri inamsaidia. Tuzitoe hizi kanga dirishani." Akakubali kwa shida. "Na moshi wa kila aina unabana kifua."

"Hapa hapana moshi, sista," akanijibu kwa fahari. "Tunapikia gesi."

Nyuma yake, juu ya meza ndogo, chetezo kilikuwa kinafuka. Mwanaidi alinikazia macho. Nikameza mate na kipande cha kisheti. Kwa Bi Salma udi ulikuwa harufu, ulikuwa baraka, ulikuwa jina lake mjini. Moshi ni kitu cha jikoni.

Hapo ndipo nilipokitoa kipima pumzi mkobani. Ni bomba la plastiki lenye kishale. Unasimama, unavuta pumzi ndefu, unapuliza kwa nguvu zako zote, kishale kinapanda, na ubavuni tumetia rangi: kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hospitali. Kwa kawaida ninampa mgonjwa. Siku hiyo nilimpa Bi Salma.

"Wewe ndiye muuguzi wa nyumba hii," nilimwambia. "Mimi sikai hapa. Apulize mbele yako asubuhi na usiku, na wewe ndiye utakayesoma. Akiwa njano, pampu ya buluu kwa ile chupa tuliyomtobolea wodini. Akiwa nyekundu, usingoje mtu, mlete."

Alikishika kwa mikono miwili kama kikombe cha mgeni. Nilipokuwa nashuka ngazi nilimsikia anaamrisha, "Puliza tena! Hukutia nguvu!"

Alhamisi ile sikuwa na raha. Madirisha yalikuwa wazi, dawa ya kuzuia Mwanaidi alikuwa ameianza upya, tulikubaliana akae karibu na mlango na pampu mkononi, na simu yangu ilikuwa mapajani. Lakini mpango ukishatoka mikononi mwako ni wa watu, na watu hawasomi ulichoandika. Ijumaa nikaingia wodini nimejiandaa kukiona kile kiti cha magurudumu. Hakikuja. Ijumaa iliyofuata pia hakikuja. Akaja Bi Salma peke yake, kwa miguu, amekifunga kipima pumzi ndani ya leso, uso umekunjamana.

"Sista, kifaa chako kibovu."

"Kimefanya nini, bibi yangu?"

"Kinadanganya. Wiki nzima kijani, kijani, kijani. Alhamisi ukifika usiku kinaanguka njano. Nikasema labda mtoto kachoka. Wiki ya pili, vile vile! Kinaijuaje Alhamisi, kitu cha plastiki?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni, lakini nilijizuia. Bi Thureya alikuwa akisema kwamba muuguzi mzuri anajua lini anyamaze. "Sijui," nilimwambia. "Alhamisi kuna nini kwako?"

Akaketi kwenye benchi. Niliona fikra inavyompita usoni, polepole, mpaka macho yakamjaa maji.

"Namfukiza mie," alisema. "Kwa mkono wangu."

Nikamshika mkono huo huo. Kisha akaniuliza lile swali ambalo Mwanaidi alikuwa akiliogopa tangu siku ya harusi yake. Aliuliza kwa sauti ya chini, akitazama mlangoni.

"Basi ndo kusema ana shetani?"

Wanangu, hakuna kitabu chochote chenye jibu la hapo. Ningeanza kumhubiria kwamba mashetani hayapo angenyanyuka aondoke, na Mwanaidi angerudishwa kwao na sanduku. Nikamwuliza, "Mkichoma dawa ya mbu anakuwaje?"

"Hukohoa mpaka tunaizima."

"Na lile jenereta la jirani?"

"Ah! Likiwashwa tu, hufunga mlango na kuziba pua."

"Bi Salma, wewe mtu mzima, umeona mengi. Ni shetani gani huyo anayeogopa udi, anaogopa dawa ya mbu, na anaogopa jenereta la jirani?"

Alinitazama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka hadi machozi yale yaliyokuwa yakingoja yakapata njia, na mimi nikacheka naye, na wagonjwa wakanyanyua vichwa. "Shetani wa jenereta!" alikuwa akisema. "La haula!" Alipotulia alijifuta kwa leso, akauliza, "Kakwambia yeye?"

"Kifaa ndicho kilichosema, na aliyekisoma ni wewe."

Sina hakika kama aliniamini. Ila hakuuliza tena.

Mpango tuliouandika baada ya hapo ulikuwa mfupi kuliko yote niliyowahi kuandika, na ulikuwa na mambo yanayoweza kufanywa na mtu mzima mwenye magoti mabovu katika nyumba yenye ngazi nyingi. Udi utapikwa uani kwa dada yake, Kiembe Samaki. Nguo zitafukizwa huko huko na kuanikwa upepo uzipige kabla ya kurudi ndani. Chetezo hakipandi ngazi. Chumba cha Mwanaidi kitanyunyizwa marashi ya mawaridi kidogo, na kama nayo yatambana, basi nayo yatatoka. Kila hatua aliipendekeza Bi Salma. Mimi niliandika tu, na mara mbili alinisahihisha.

Kishale kilibaki kijani, Alhamisi na siku nyingine. Wodini tukamkosa mgonjwa wetu wa Ijumaa, na sijawahi kufurahi namna ile kumkosa mtu. Muda si mrefu nikastaafu.

Lakini nyumbani ni nyumbani, na mbele za watu ni jambo jingine. Mwaka huu kulikuwa na maulidi ya wanawake katika nyumba moja karibu na kwa Bi Salma, nami nikaalikwa. Chumba kilijaa, tumekaa chini kwa mistari, magoti kwa magoti. Mwanaidi alikuwa amewahi kukaa karibu na mlango kama anavyofanya siku zote, ila wageni walizidi kuja na kuketi, mlango ukazibika. Nilikuwa ng'ambo ya chumba. Nikamwona anautazama mlango, kisha anautazama mkono wa mwanamke aliyeanza kukipitisha chetezo.

Mnajua kinavyokwenda. Kinatoka kwa huyu kinakwenda kwa yule, kila mmoja anakifunika kwa mtandio wake, anavuta harufu, anampa mwenzake. Kilikuwa kinakuja kwenye mstari wake. Nilitaka kuinuka lakini pa kukanyaga hapakuwepo. Mwanaidi akainuka yeye. Akasimama katikati ya watu, mtandio mdomoni, asijue apite wapi, na msomaji akanyamaza.

Hapo wakaanza. Kwanza kwa kunong'ona, halafu si kwa kunong'ona tena. "Anaukimbia udi." Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele akageuka kabisa, akasema wazi, "Ana nini huyo? Kapandwa?"

Nilimtafuta Bi Salma kwa macho. Alikuwa mbele, mahali pa heshima, amejipamba, na udi unaozunguka chumba kile ulikuwa wake. Kila mtu pale alijua kwamba ni wake. Uso wake ulikuwa umekaza, na kwa muda niliogopa kwamba atatazama chini.

"Ana pumu," alisema Bi Salma, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Udi nimepika mie na unambana kifua, na huyo ndo mwanangu. Mwenye neno aje anambie mie. Haya, kunjeni miguu, mtoto apite!"

Miguu ikakunjwa. Njia ikafunguka katikati ya zile kanga na madera, Mwanaidi akapita, ameinua kichwa, akatoka. Nilishusha pumzi niliyokuwa nimeishikilia sijui tangu mwaka gani.

Msomaji alikuwa ameshafungua kinywa aendelee, ndipo sauti nyingine ikatoka pembeni, nyembamba, ya bibi mmoja mzee mwenye miwani. Alikuwa ameshika ukuta, anajaribu kuinuka.

"Na mie nipisheni basi."

Nikafika kwake sijui kwa miguu ya nani, nikamshika mkono, tukatoka taratibu. Nje Mwanaidi alimpa nafasi barazani. Bibi akaketi, akaegemeza viganja vyake magotini na kuinama mbele, mkao ambao nimeuona maisha yangu yote, na kifua chake kilikuwa kinapiga mluzi mwembamba. Nikakaa karibu naye, mabega sawa.

"Bibi," nikamwuliza, "udi unakubana tangu lini?"

Alivuta pumzi kwanza, akanitazama, akacheka kama mtoto aliyetoka kifungoni.

"Tangu niolewe," alisema.